Lala Mjini, Shinda Mlimani: Safari ya Gari Nyanda za Juu Kusini

Watanzania wengi tumepita Iringa, Makambako na Mbeya, ila tumepitia dirishani. Basi linatoka Dar es Salaam alfajiri, linasimama stendi ya Msamvu, Morogoro, linasimama tena abiria wale chapuchapu, na giza linaingia watu wakiwa bado njiani. Mwisho wake mtu anaijua stendi ya mji lakini haijui milima inayouzunguka. Basi halina kosa. Barabara linayopita, TANZAM, ilijengwa ili mizigo ifike Zambia, kwa hiyo inafuata mabonde na tambarare kila inapoweza. Mufindi, Kitulo, Rungwe na Ziwa Nyasa viko pembeni yake, kwenye njia za kuchepuka.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kwenda kwa gari lake au la kukodi, na familia au marafiki, kwa siku kumi na mbili hivi. Kanuni yake ni moja: lala mjini, shinda mlimani. Iringa, Njombe na Mbeya zina nyumba za wageni za kila kiwango, vituo vya mafuta, benki, gereji na hospitali. Zifanye kambi zako. Ukifika mji mmoja, tua mizigo, lala hapo siku mbili tatu, na kila asubuhi toka na gari jepesi kwenda mlimani. Anayehama kila siku hutumia likizo yake kufunga na kufungua mabegi.

Hesabu mwanga, usihesabu kilomita

Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni takribani kilomita 830. Ramani ya simu itakuambia ni mwendo wa siku moja, na mabasi kweli huumaliza kwa siku moja. Wewe usijaribu. Njiani kuna vijiji vingi vyenye kibao cha 50, trafiki wenye tochi, na malori ya Zambia na Kongo yanayopanda milima taratibu kiasi kwamba mtembea kwa miguu anaweza kuyafuata. Weka wastani wa kilomita 50 au 60 kwa saa kwenye lami, na 25 hadi 30 kwenye barabara za vumbi za milimani.

Ondoka kunapopambazuka, saa 12 asubuhi, na uwe umefika saa 10 jioni. Usiku kuna lori bovu lililoachwa bila taa, ng'ombe wanaorudi zizini na, kuanzia Mafinga kwenda juu, ukungu unaomeza kioo chote cha mbele. Isitoshe, hukuja kulala njiani: umekuja kuona, na gizani hakuna cha kuona.

Chagua msimu kwa kujua unachokitafuta

Mvua za nyanda hizi huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili. Januari hadi Machi ndiyo miezi ya maua Kitulo, ya mafyulisi kando ya barabara na ya ulanzi kwenye vijiji vya Iringa na Njombe. Ndiyo pia miezi ambayo njia za udongo huteleza.

Juni hadi Agosti barabara ni kavu na vilele vinaonekana vizuri, lakini baridi ni kali. Makete na Njombe asubuhi unaweza kukuta sakitu imetanda kwenye nyasi. Beba sweta zito, soksi na kofia kwa kila mtoto, na uliza kama nyumba ya wageni ina maji ya moto kabla hujalipa. Septemba na Oktoba mashamba huchomwa, na moshi huficha mandhari uliyoifuata. Tukuyu haina mjadala: mvua hunyesha huko karibu mwaka mzima, kwa hiyo koti la mvua lisikose garini.

Anayekwenda mara ya kwanza na watoto achague Juni au Julai. Anayefuata maua aende Februari, na aende na gari la kuinuka.

Gari, breki na lugha ya barabarani

Gari dogo la chini linafika Iringa, Njombe, Mbeya, Tukuyu na Kyela kwa lami bila shida. Kitulo wakati wa mvua na njia za ndani za Mufindi na Rungwe zinataka gari la kuinuka lenye kuvuta matairi yote manne.

Kabla ya kuondoka mpe fundi siku nzima. Aangalie pedi na oili ya breki, rejeta, mkanda wa feni, matairi yote na spea. Wewe hakikisha una jeki, kizimamoto, pembetatu mbili za kuakisi, sanduku la huduma ya kwanza na bima iliyo hai. Hivi ndivyo vitu vinavyoulizwa na trafiki, na ndivyo utakavyovihitaji mwenyewe ukipata pancha mlimani.

Kuna jambo moja ambalo dereva wa tambarare lazima alijue: gia uliyopandia mlima ndiyo ya kushukia. Ukikanyaga breki mfululizo kwenye mteremko mrefu, zinapata moto, oili yake inachemka, na pedeli inazama bila gari kushikika. Shuka na gia ndogo ili injini ndiyo izuie mwendo, na breki uguse kidogo kidogo. Kwenye gari la otomatiki weka 2 au L. Kamwe usishuke na nyutro ati unaokoa mafuta.

Halafu jifunze kusoma malori. Dereva wa lori aliye mbele yako akiwasha indiketa ya kulia bila kukata kona, anakwambia usipite, kuna gari linakuja. Akiwasha ya kushoto anakuruhusu. Ishara yake ni msaada tu, na uamuzi unabaki wako: kama huoni mbele, usipite. Ukikuta matawi ya miti yamepangwa barabarani, punguza mwendo, kwa maana mbele kuna gari limeharibika, mara nyingi palepale kwenye kona.

Dar es Salaam hadi Iringa: gawa mara mbili

Ni takribani kilomita 500. Lala Mikumi, baada ya kama kilomita 300, ili mlima wa Kitonga uupande asubuhi injini ikiwa na nguvu na wewe ukiwa na macho.

Baada ya Morogoro, barabara kuu inakatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takribani kilomita 50. Mwendo wa juu ni kilomita 70 kwa saa mchana na 50 usiku, na anayegonga mnyama hutozwa faini kulingana na mnyama mwenyewe. Endesha pole, vioo juu, na hapohapo barabarani huenda ukaona twiga, pundamilia, nyati na tembo bila kulipa kiingilio. Usishuke, usirushe ganda la ndizi, usiwape nyani chakula.

Ukiwa na siku ya ziada, kutoka mji wa Mikumi chepuka kusini kwenda Mang'ula, kwenye Hifadhi ya Milima ya Udzungwa iliyoanzishwa mwaka 1992. Maporomoko ya Sanje yana urefu wa takribani meta 170, na njia ya kuyafikia hupita msituni kwa miguu. Vaa viatu vyenye meno.

Mbele ya Mikumi joto huongezeka na mibuyu inaanza kujipanga pande zote mbili. Hapo ni Ruaha Mbuyuni, penye vitunguu vya kuuzwa kwa gunia na kwa ndoo. Usinunue sasa, utanunua ukirudi. Baada ya hapo barabara inafuata bonde la mto, kisha inakunja kona na kuanza kupanda Kitonga. Kaa nyuma ya lori, acha nafasi, vumilia. Kama mnataka picha, simameni kwenye eneo pana kabla au baada ya mlima, kamwe si kwenye kona.

Iringa: mji juu ya jabali

Barabara kuu haiingii Iringa. Inapita chini, Ipogolo. Kata kulia upande mlimani hadi mjini. Siku ya kwanza zunguka kwa miguu. Boma la Wajerumani sasa ni makumbusho, soko kuu lina vikapu vilivyosukwa kwa majani ya milulu, na jioni panda jiwe la Gangilonga uuone mji wote chini yako.

Siku ya pili nenda Kalenga, kama kilomita 15 kwenye njia ya Hifadhi ya Ruaha. Hapa ndipo palipokuwa na ngome ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, wapiganaji wa Wahehe waliliangamiza jeshi la Wajerumani na kumuua kamanda wake, Emil von Zelewski. Wajerumani waliibomoa Kalenga mwaka 1894, na Mkwawa akapigana porini hadi 1898 alipojiua kuliko kukamatwa. Kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919 ulikitaja kwa jina na kudai kirudishwe, lakini fuvu lilirudi Kalenga mwaka 1954 tu. Limo ndani ya makumbusho ya hapo. Waandae watoto kwa maneno machache kabla ya kuingia, na uombe ruhusa kabla ya kupiga picha.

Isimila iko kama kilomita 20 kutoka mjini kwenye barabara ya Mbeya. Ni korongo lenye nguzo ndefu za udongo zilizochongwa na maji na upepo, na ardhini zana za mawe za watu wa kale ziko wazi, unaziona kwa macho. Nenda mapema asubuhi au baada ya saa 9 alasiri, kwani korongoni jua la mchana halina huruma. Zana zitazamwe tu, zisiokotwe.

Hifadhi ya Ruaha inastahili safari yake yenyewe. Ukiibana kwenye ratiba hii utaikosea.

Mufindi na Njombe: chai, misonobari na baridi

Kutoka Iringa hadi Mafinga ni kilomita 80. Msitu wa kupandwa unaouona hapo na kuendelea ni wa Sao Hill, mkubwa kuliko misitu yote ya kupandwa nchini. Ukiishia barabarani utaona misonobari na viwanda vya mbao. Mufindi yenyewe iko ndani, kusini mashariki mwa Mafinga: vilima vya chai, mabwawa na vipande vya msitu wa asili. Mashamba mengi ni ya kampuni, kwa hiyo simama getini, jitambulishe, uulize njia ya wageni. Mvua ikiwa imenyesha usiku, ahirisha; udongo mwekundu wa huko ukilowa unateleza kama sabuni.

Makambako ni njia panda. Kulia kwenda Mbeya, kushoto kwenda Njombe, kilomita 60. Pinda kushoto. Njombe iko karibu meta 2,000 juu ya usawa wa bahari, na watu wake huvaa makoti mchana. Maporomoko ya Luhuji yako mjini kabisa, yanaonekana kutoka barabarani. Sokoni kuna viazi, parachichi na, kwa msimu wake, tufaha na peasi. Salimia kwa "Kamwene" uone sura zinavyofunguka.

Ulanzi, pombe ya mianzi, utauona kwenye madumu vijijini. Mpya ni mtamu, uliolala ni mkali. Dereva asionje wowote.

Kitulo: bustani iliyo juu ya mawingu

Hifadhi ya Kitulo ilitangazwa mwaka 2005, na ndiyo ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Ni uwanda wa nyasi wa takribani kilomita za mraba 413, sehemu kubwa ukiwa kwenye meta 2,600, wenye aina zaidi ya 40 za okidi. Okidi hizo zilikuwa zikiisha kwa kuchimbwa: mizizi yake huliwa Zambia kwa jina la chikanda, na biashara hiyo ilivuka mpaka kwa magunia. Ndiyo maana kuchuma hata ua moja ni kosa.

Njia za kufika ni mbili. Ya kwanza hutoka Njombe kwa lami hadi Makete; unalala Makete, asubuhi unavuka uwanda na kutokea Isyonje, kwenye barabara ya Mbeya na Tukuyu. Ya pili hupanda kutoka Chimala, kama kilomita 75 kabla ya Mbeya, hadi Matamba yaliko makao ya hifadhi. Wenyeji huiita Hamsini na Saba kwa idadi ya kona zake. Mandhari yake ni ya kutetemesha, na dereva asiyezoea milima atatetemeka kwa sababu nyingine. Kwa mara ya kwanza pita Makete. Vyovyote vile, piga simu hifadhini au uliza madereva wa Makete jinsi njia ilivyo juma hilo. Kuuliza si ujinga.

Juu kule hakuna kituo cha mafuta. Jaza tangi Njombe au Mbeya, beba chakula na maji ya kutosha siku nzima. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo tembea polepole, kunywa maji, na usishangae kichwa kikigonga kidogo.

Mbeya na Rungwe

Mbeya ilianza mwaka 1927, enzi za dhahabu ya Lupa huko Chunya. Imekaa kati ya safu ya milima ya Mbeya kaskazini na milima ya Poroto kusini mashariki. Tenga siku moja kwa mji: panda kilele cha Loleza asubuhi, na mchana tembea soko la Mwanjelwa, penye mchele, maharage, nguo na kelele za kutosha. Alasiri endesha barabara ya Chunya. Kabla haijaanza kuteremka upande wa pili kuna mahali pa kusimama ambapo tambarare za Usangu zinajitandaza chini hadi macho yachoke. Ukiendesha mjini na viungani, jihadhari na miteremko ya Inyala, Iwambi na Mbalizi, ambako malori hukatikiwa breki.

Siku ya pili shika njia ya Uyole kwenda Tukuyu. Ziwa Ngozi limo ndani ya kasoko ya volkano. Unaacha gari na kupanda msituni kwa miguu saa moja na nusu au mbili. Chukua kiongozi kutoka kijijini, mpatane bei kabla. Wenye miguu imara wapande Mlima Rungwe wa meta 2,960, lakini huo unakula siku nzima. Kwenye misitu ya Rungwe ndiko mwaka 2003 watafiti walikomwona kipunji, nyani ambaye wawindaji wa huko walikuwa wakimjua siku zote.

Mbele kidogo, Mto Kiwira unapita chini ya Daraja la Mungu, tao la mawe ya volkano lililojijenga lenyewe. Eneo lina chuo cha Magereza jirani, kwa hiyo jitambulisheni na msipige picha za majengo. Tukuyu ni migomba, chai na mvua. Kula mbalaga, ndizi za Kinyakyusa zilizopikwa na nyama, na ukishukuru sema "Ndaga".

Shuka Nyasa

Kutoka Tukuyu barabara inateremka Kyela, na ndani ya mwendo mfupi mnavua masweta. Ziwa Nyasa liko kama meta 475 tu juu ya bahari. Migomba inabadilika kuwa kokoa na mpunga. Kupitia Ipinda unafika Matema, ufukwe wa mchanga ulioegemewa na milima ya Livingstone. Hapa pumzikeni siku mbili. Kuleni mbasa wa kuchoma, nunueni vyungu vya Wakisi, vinavyofinyangwa kwa mikono ya akina mama. Malaria ipo: chandarua, dawa ya mbu, mikono mirefu jioni. Kabla ya kuoga ziwani uliza wenyeji sehemu salama. Penye midomo ya mito pana mamba.

Fedha na adabu

Hifadhi za taifa hazipokei fedha taslimu. Lipa kwa kadi au kwa simu, na beba kitambulisho cha taifa ili utozwe kiwango cha mwenyeji. Vijijini hali ni kinyume: noti ndogondogo ndizo zinazosaidia, kwa kiongozi, kwa mlinzi wa gari na kwa mama wa mafyulisi. Trafiki akikuandikia faini, lipa kwa namba ya malipo ya serikali tu. Ukifika kijiji kisicho na geti wala ofisi ya wageni, salimia wazee kwanza, uulize kwa mwenyekiti, ndipo uanze kupanda kilima cha watu.

Ukiwa na siku chache

Siku tano: Iringa na Mufindi, urudi. Siku saba: ruka Njombe, nenda moja kwa moja Mbeya, Rungwe na Matema. Usipunguze kwa kuendesha usiku. Kimondo cha Mbozi, bonge la chuma la zaidi ya tani 10 lililodondoka kutoka angani, kiko njia ya Tunduma yenye foleni za malori. Kiweke tu kama mna siku ya akiba.

Safari ya kurudi ndiyo ngumu zaidi. Dereva amechoka, gari lina magunia ya viazi na mchele wa Kyela, na ile Kitonga mliyoipanda sasa mnaishuka. Mbeya au Iringa, mpe fundi aangalie breki tena. Lala Iringa, ondoka kumekucha, shuka na gia ndogo, na vitunguu vya Ruaha Mbuyuni nunua kwa kiasi ambacho gari linaweza kubeba.